Hitilafu

Neno hitilafu lilitujia kutoka katika Kiarabu, na maana yake ya asili ni tofauti. Watu wawili wasiopatana katika shauri walisemwa kuwa wana hitilafu. Baadaye neno likapewa kazi ya pili: mashine iliyokataa kwenda, taa iliyokataa kuwaka, nazo zikasemwa kuwa zina hitilafu. Aghalabu tunazitumia maana hizi mbili kama watu wawili waliofanana majina lakini hawana udugu. Mimi nafundisha lugha hii, na kwa miaka mingi kamusi zilinitosha. Udugu wa maana hizo nilikuja kuuona ukingoni mwa Ziwa Viktoria, katika kazi ya fundi wa umeme.

Nilikuwa Butiama kwa siku chache. Asubuhi moja nilizuru Mwitongo, mahali penye maskani na kaburi la Mwalimu Julius Nyerere, aliyefariki dunia tarehe 14 Oktoba 1999. Katika fikira zangu kilikuwamo kijitabu chake cha mwaka 1962, Tujisahihishe, kinachowataka wanachama wa TANU wayatazame makosa yao kwa uwazi, ili chama kipone. Wito huo ni mwepisi kukubaliwa Mwitongo, penye mawe makubwa na utulivu. Ni mzito kukubaliwa mahali ambapo mali inaharibika na watu wana hasira. Alasiri ya siku ile nilishuka Musoma mjini, na huko nikauona ukijaribiwa.

Gatini palifungwa chombo cha chuma cha kuchukulia samaki. Injini inapozimwa, chombo hicho hupata umeme wa nchi kavu kwa kebo ndefu. Umeme huo huwasha taa, hujaza betri, na huendesha jokofu kubwa la kugandishia sangara. Kwa siku tatu swichi ya ulinzi, iliyowekwa nchi kavu mwanzoni mwa kebo, ilikuwa ikijizima kila mara jokofu lilipoanza kuvuma. Kauli ya watu ilikuwa moja: jokofu ni bovu. Lilichukuliwa mpaka katika duka lenye swichi ya namna ile ile, likaunganishwa, nalo likafanya kazi mchana kutwa bila neno. Liliporudishwa chomboni swichi ikajizima tena. Hapo lawama ikahama. Sasa swichi ndiyo iliyokuwa mbovu.

Yafaa msomaji aijue kazi ya swichi hiyo. Umeme huingia chomboni kwa waya mmoja, hufanya kazi yake, kisha hurudi kwa waya wa pili. Kiasi kilichokwenda na kiasi kilichorudi sharti viwe sawa. Swichi hulinganisha viasi hivyo daima, na tofauti ikifika kipimo kilichowekwa, ambacho kwa swichi za kuwalinda watu ni kwa kawaida milianpea 30, hukata umeme kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haijui umeme uliopotea umepita wapi wala nani aliyeupoteza. Hujua tu ya kuwa hesabu haikubaliani. Fundi aliponieleza hayo nililitazama neno letu kwa macho mapya: tofauti yenyewe ndiyo kasoro, na maana ya kale iko hai ndani ya maana mpya.

Mwenye chombo alikuwa mzee wa makamo, na subira ilikuwa imemwishia. Akasema, "Kijana wangu, samaki wanaoza. Iondoe hiyo swichi, uunge waya moja kwa moja."

Fundi hakubishana naye. Alinyosha mkono kuelekea upande wa pili wa gati, ambako watoto walikuwa wakiogelea na kuzamiana. "Mzee wangu," akasema, "watazame wale. Umeme ukiwafikia majini, na swichi nimeiondoa, nani ataukata?"

Neno hilo lilikuwa na uzito kuliko nilivyofahamu wakati ule. Maji ya bahari, kwa chumvi yake nyingi, hupitisha umeme kwa urahisi kuliko mwili wa binadamu, hata sehemu kubwa ya umeme hupita kando ya mwogeleaji. Maji baridi ya ziwa huupitisha kwa shida, na mwili wa binadamu una chumvi yake. Basi umeme uliovuja katika maji ya ziwa huuona mwili kuwa ndiyo njia nyepesi. Misuli hukaza, mikono na miguu hukataa amri, na mtu huzama bila jeraha. Atakayemwopoa atasema alikosa nguvu, na yamkini hakuna atakayeitazama kebo iliyolala gatini.

Mzee alinyamaza kwa muda. Kisha akaketi juu ya kreti na kusema, "Haya, itafute."

Fundi alianza kwa kutenga. Aliichomoa kebo kutoka chomboni, akaiacha imeungwa nchi kavu, swichi ikatulia. Kwa hiyo nchi kavu haikuonyesha dosari, wala kebo. Kisha akaichomoa kebo kote kuwili, ili chombo kisiwe na uhusiano wowote na umeme, akakipima kwa kifaa chake. Waya wa kupeleka umeme haukugusana na bodi ya chuma. Waya wa kurudisha uligusana nayo. Vijana wa chombo walishangaa, kwa sababu swichi ndogo zote za ndani zilikuwa zimezimwa. Akawaeleza ya kuwa swichi hizo hukata waya wa kupeleka tu. Waya wa kurudisha hubaki umeungwa siku zote, na mahali palipozimwa panaweza kuwa na kosa lililo macho.

Basi akaanza kuzilegeza nyaya za kurudisha, moja baada ya nyingine, akipima kila alipoondoa mmoja. Wa jokofu ukatoka, mgusano ukabaki. Wa chaja ukatoka, ukabaki. Ulipotoka wa taa ya chumba cha injini, mgusano ukatoweka. Taa hiyo ilikuwa imeungua zamani, na hakuna aliyeikumbuka. Tulipoufuata waya wake tuliukuta umepita penye ncha ya chuma. Mtikisiko wa injini ulikuwa umeula ngozi yake taratibu mpaka shaba ikaligusa bodi.

Jokofu, je, lilishiriki vipi? Taa na chaja hutumia umeme kidogo, na sehemu iliyopotea njia wakati wa kurudi ilikuwa ndogo mno, swichi ikaivumilia. Jokofu linapoanza huvuta umeme mwingi, nao ukirudi hugawanyika: sehemu katika waya wake, sehemu katika chuma cha chombo. Hapo tofauti ikazidi kipimo. Jokofu lilikidhihirisha tu kilichokuwapo. Watu walimkamata shahidi wakamwita mwizi, na walipokosa kumtia hatiani wakataka kumfukuza mlinzi. Laiti wangalifanikiwa, chombo kingaliendelea kugandisha samaki kama kawaida mpaka siku ambayo waya wa kurudisha na ule wa ardhini ungekatika ndani ya kebo. Siku hiyo umeme usingekuwa na njia ila bodi ya chuma, na kutoka bodini ni ziwani.

Waya ulibadilishwa, ukapitishwa ndani ya bomba, na jokofu likavuma kabla ya jua kuchwa. Gharama yake ilikuwa ndogo kuliko thamani ya samaki waliokwisha haribika.

Wahenga walisema, mficha maradhi, kilio humfichua. Ningependa wanafunzi wangu waongeze swali moja juu ya methali hiyo: kilio kinaposikika, tunamtazama nani? Katika nyumba, mtoto mmoja husema kwa sauti jambo ambalo wote wanalijua, naye ndiye huambiwa hana adabu. Katika ofisi, karani akionyesha ya kuwa fedha zilizotoka na hati zilizorudi hazilingani, huhamishwa yeye, na hesabu hubaki ilivyo. Katika darasa, swali gumu huonekana kama ufidhuli wa muulizaji. Mara nyingi kasoro ya kweli iko katika chumba kisichoingiwa, katika taa iliyosahauliwa, nayo hupata usalama wake kwa sababu macho yote yako juu ya aliyelia.

Kujisahihisha, basi, si ushujaa wa maneno peke yake. Ni kazi ya mikono na ya utaratibu: kutenga jambo moja na jingine, kupima kila moja bila chuki ya jana, na kuiacha swichi mahali pake muda wote wa kutafuta. Anayeiondoa hupata mwanga wa usiku mmoja. Gharama ya mwanga huo huwekwa juu ya watu wasioulizwa, walio majini, wasiojua hata kama pana kebo.