Boti ya zamani na mstari wa Mama

Wengi mmetuuliza ile kelele iliyotoka kwetu Jumamosi mbili mfululizo ilikuwa ya nini. Kuna waliodhani tumenunua mashine ya kusaga, na mama mmoja alifika kabisa na beseni lake la mahindi. Pole sana mama. Ilikuwa injini ya boti, Yamaha ya nguvu za farasi 25, inanguruma ndani ya pipa la maji chini ya mwembe. Tumeombwa tueleze, nasi tunaeleza, maana ndani yake kuna jambo ambalo tungependa lifike kila nyumba yenye mtu anayevuka maji.

Mtu atasema, boti na kambi wapi na wapi? Sisi maji tunayoyajua ni ya foleni ya bomba. Lakini jina lenyewe la Rhino Camp limetoka mtoni. Mwezi wa Januari 1910, Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka kwenye urais wa Marekani mwaka uliotangulia, alishuka na Nile kutoka Butiaba akapiga kambi ukingo huu wa magharibi kuwinda vifaru weupe. Vifaru hao waliisha, jina limebaki. Baada yake zilikuja meli za shirika la reli, zikibeba abiria na mizigo kati ya Pakwach na Nimule. Meli nazo zimeisha. Mto haujaisha, na watu wanauvuka kila siku, na samaki wa ngege na mputa tunaowaona sokoni wanavuliwa na watu wenye vyombo. Sisi tuliotoka upande wa Mahagi, kando ya Ziwa Albert, tumezaliwa tukiona boti mlangoni. Kukaa bila chombo kwetu ni kama mkulima kukaa bila jembe.

Boti si yetu peke yetu. Ni ya mzee mwenyeji wetu, ambaye ndiye pia alitupa shamba la kulima. Maji yalipopanda mwaka 2020 na kufurika kando ya Nile, boti ilisukumwa ndani ya matete ikakaa humo, na injini ililala ndani ya maji kabla ya kutolewa na kutupwa kwenye ghala. Mzee akasema, "Watoto wangu, mkiifufua, tutagawana nusu kwa nusu." Tukaandikishana mbele ya mwenyekiti wa LC1 na mwakilishi wetu wa wakimbizi. Hilo tunawashauri wote: urafiki ni mzuri, karatasi ni nzuri zaidi. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inaturuhusu kufanya kazi, lakini haiandiki mapatano yenu kwa niaba yenu.

Nyumbani hapakuwa na amani moja kwa moja. Tangu mwaka 2023 mgao wa chakula ulipoanza kutolewa kwa makundi, kila familia imejifunza kuhesabu upya. Tulikuwa na mbuzi watano. Baba na Baba Mdogo waliona injini, Mama aliona ada ya shule. "Baba watoto," alisema, "mbuzi anazaa. Chuma kinazaa nini?" Mazungumzo hayo yalichukua wiki nzima. Mwisho Mama alikubali mbuzi wawili waende, kwa sharti ambalo tutalieleza baadaye, maana wakati ule hatukulipa uzito. Tulifikiri ni maneno ya mama mwenye wasiwasi tu.

Basi, boti kwanza. Tuliipakia kwenye lori lililokuwa likirudi tupu, tukaiweka juu ya magogo, tukaiacha ikauke. Ina urefu wa karibu mita nane, mbao za mvule. Watu wengi wakipata boti ya zamani wanakimbilia injini, maana injini ndiyo inapiga kelele. Lakini injini ikizima katikati ya mto utapiga kasia. Ubao ukiachia utapiga nini? Tulichukua bisibisi tukachoma kila ubao, shubiri kwa shubiri. Mbao nzima inakataa. Iliyooza inapokea bisibisi kama mkate. Mbao tatu za chini zilikuwa mkate, pamoja na ule ubao mnene wa nyuma unaobeba injini. Huo wa nyuma usiubembeleze hata kidogo, kwa sababu ndio unaopokea nguvu yote ya kusukuma. Mkuku, yaani uti wa mgongo wa boti, ulikuwa mzima. Ungekuwa umeoza tungeigeuza kuni.

Kuziba nyufa ndiyo kazi iliyotupa heshima kwa wazee. Watu wa pwani wanaiita kalafati. Unatoa pamba yote ya zamani kwa ndoano, unasokota pamba mpya, unailowesha mafuta, unaigonga ndani ya ufa kwa patasi butu mpaka ikatae kuingia. Juu yake lami, na penye ufa mpana kipande cha bati. Watoto walisokota pamba jioni badala ya kukimbizana, na shangazi alisokota kuliko wote, huku akitusimulia habari za soko la Mahagi ambazo nusu yake haziandikiki hapa.

Halafu kuna njia ya kujua kama boti inavuja kabla ya kuipeleka mtoni: mimina maji ndani, kina cha kifundo cha mguu, ulale chini uangalie yanatokea wapi. Ila maji hayo tungeyatoa wapi? Hatuwezi kumimina madumu ya bomba ndani ya boti huku majirani wamepanga foleni tangu alfajiri. Ingekuwa aibu. Tukangoja mvua. Mvua ilipokuja usiku, sote tulitoka na tochi, tukatambaa chini ya boti kama wezi wa kuku, tukatia alama ya mkaa kila palipodondoka. Alama zilikuwa kumi na moja. Mvua ya pili zilikuwa tatu. Tukaridhika, kwa sababu mbao zilizokaa kavu zimesinyaa, zikifika majini zinavimba na kujifunga zenyewe.

Sasa injini. Injini iliyozama ikakaa haifufuki kwa kuvutwa kamba. Vijana walitaka kuvuta siku ya kwanza, Baba Mdogo akawafukuza. Pistoni ikiwa imeshika kutu halafu ukalazimisha, unavunja ringi, na ringi ikivunjika inachora silinda yote. Tulifungua plagi mbili, tukamimina petroli iliyochanganywa na oili kwenye matundu yake, tukafunga kwa kitambaa, tukaacha siku nane. Kila asubuhi tunajaribu lile gurudumu la juu kwa mikono, taratibu, mbele na nyuma. Siku ya sita likasogea upana wa kidole. Siku ya nane likazunguka lote. Mzee mwenyeji alikuwepo, akacheka mpaka akakaa chini.

Kabureta tuliifungua juu ya sinia ili skrubu zisipotee mchangani. Yale matundu madogo yanayopitisha petroli, fundi wengine wanayachokoa kwa waya. Usifanye hivyo. Waya unapanua tundu, na injini itakunywa mafuta kama ng'ombe siku zote. Sisi tulitumia uzi wa nailoni wa kuvulia samaki. Oili ya gia kule chini ilitoka nyeupe kama chai ya maziwa. Ukiona rangi hiyo jua maji yameingia, na ni lazima ubadilishe sili, si kuongeza oili tu. Plagi za kwanza tulizonunua mjini zilikuwa bandia, hazikutoa moto wa maana, ikabidi tununue nyingine. Moto mzuri ni wa buluu na unalia tak! tak! Ule mwekundu unaosinzia hautakufikisha ng'ambo.

Lakini kilichomeza mbuzi karibu mzima ni kitu kidogo cha mpira, kile kigurudumu chenye mabawa ndani ya pampu ya maji. Injini hii haina rejeta kama gari. Inanyonya maji ya mto, inayapitisha mwilini mwake ipoe, na kuyatema. Mchanga wa Nile unalamba yale mabawa ya mpira, magugu maji yanaziba mlango wa kunyonyea, na mtu aliyeko juu hajui kitu mpaka injini inaposhika moto na kukwama. Kwa hiyo tazama kijimkondo kinachotoka nyuma, chembamba kama mtoto anayekojoa. Kikiwepo, endelea. Kikikata, zima palepale, usisubiri kufika. Na ndiyo maana tulilijaza pipa maji ya mvua kabla ya kuwasha. Kuiwasha kavu, hata kwa dakika moja ya kujionyesha, ni kuchoma mabawa hayo.

Mafuta: injini yetu ni ya mipigo miwili, oili inachanganywa na petroli. Lita 20 za petroli kwa mililita 400 za oili ya 2T, ndiyo ile hesabu ya 50 kwa 1. Kwa saa kumi za kwanza baada ya kuweka ringi mpya tuliongeza oili mara mbili, na ule moshi mliouona ndio huo. Tunaomba radhi kwa waliokuwa wameanika nguo.

Iliponguruma, kina kaka walirukaruka, Baba akatangaza kwamba Jumatatu boti inaenda majini kubeba abiria. Hapo ndipo Mama alipotoa sharti lake. Hataki rangi, hataki jina la boti, hataki sherehe. Anataka vitu viwili: mstari ubavuni, na jaketi ya kuokoa maisha kwa kila kichwa. Bila hivyo mbuzi wake warudi.

Wasomaji wengi wanajua kwa nini. Tarehe 22 Machi 2014, chombo kilichobeba Wakongo waliokuwa wakirudi nyumbani kutoka kambi ya Kyangwali kilizama Ziwa Albert. Watu zaidi ya 100 walikufa, wengi wao watoto. Watu waliokwishaponea vita, wanarudi kwao, wamebeba masufuria. Chombo kilikuwa kimejaa kupita kiasi. Katika nyumba yetu siku hiyo haitajwi sana, lakini hakuna aliyeisahau. Mama aliposema neno mstari, Baba aliinamisha kichwa, na mabishano yakaisha.

Mstari huo haukuanzia kwa Mama. Mbunge mmoja wa Uingereza, Samuel Plimsoll, alipiga kelele miaka mingi bungeni kwa ajili ya mabaharia waliozamishwa na meli zilizojazwa mno, na mwaka 1876 sheria ikalazimisha meli zichorwe alama ya mwisho wa mzigo ubavuni. Kwenye meli kubwa alama hiyo ipo mpaka leo. Kwenye boti zetu za mbao, nani ameiona? Wenye boti wanasema ukichora mstari unafukuza wateja. Sisi tunaona mteja akijua maana ya mstari atakuuliza kwa nini wewe huna.

Tuliichora hivi. Boti ilipelekwa mtoni, ikalala siku mbili kwenye maji ya kina kifupi ili mbao zivimbe. Siku ya tatu, pasipo na upepo, tuliingia mmoja mmoja, watu wazima, tukakaa kama abiria wanavyokaa, injini na dumu la mafuta zikiwa mahali pake. Kijana mmoja alisimama majini akipima kutoka usawa wa maji hadi ukingo wa boti, pale ukingo ulipo chini kabisa. Tulikubaliana zibaki shubiri mbili kamili, kwa sababu maji ya asubuhi si maji ya mchana, upepo ukiamka mawimbi yanataka nafasi yao. Tulipofika watu tisa, mwendeshaji akiwa mmoja wao, shubiri zikawa mbili. Mtu wa kumi akashuka akinung'unika. Palepale tukatia alama, na boti ilipokauka tukapaka mstari mweupe pande zote mbili, upana wa vidole vinne ili mtu aliyeko ukingoni auone. Gunia la mihogo tunalihesabu kama mtu mmoja, na mbuzi wakubwa wawili pia.

Tuna jaketi nne tu mpaka sasa. Kwa hiyo kwa sasa boti inaondoka na watu wanne, hata kama mstari unasema tisa, na hatubebi mtoto mdogo kwa sababu hatujapata jaketi ya kimo chake. Kazi kubwa ni nyavu na samaki, ambako watatu wanatosha. Baba Mdogo anapiga hesabu ya abiria aliowaacha ukingoni kila jioni, Mama anapiga hesabu ya waliorudi.

Mwenye jaketi zilizotumika anayetaka kuuza atuone, za watoto hasa. Tutazibonyeza na kuzitia majini kwanza, maana nyingine zinauzwa zikiwa zimekwisha kunyonya maji, na hizo ni mzigo tu. Vijana wanaotaka kujifunza injini waje Jumamosi mchana chini ya mwembe, wasichana kwa wavulana. Spana namba 10 tunayo moja tu, mwenye yake aje nayo.