Ukuta wa Watu: Safari Yetu ya Eldoret

 

Juma lililopita hamkutuona katika ukurasa huu kwa kuwa tulikuwa safarini. Tulipanda treni Miritini hadi Nairobi, tukalala huko, na kesho yake tukashika barabara ya Nakuru kwenda Eldoret kumzuru binti yetu wa pili. Kutoka Nakuru barabara hupanda na kupanda. Ukikaribia Timboroa, pale barabara inapoukata mstari wa Ikweta, mtu wa pwani huanza kuliulizia koti lake. Wazungumzao Ikweta kama nchi ya joto hawajapita hapo asubuhi ya mvua.

Eldoret umekaa zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Wenyeji wa zamani huuita 64, kwa nambari ya shamba ulikoanzia mji huo. Tarehe 15 Agosti 2024 ulipewa hadhi ya jiji, ukawa wa tano nchini baada ya Nairobi, Mombasa, Kisumu na Nakuru. Watu huja kusoma, kutibu na kutibiwa, kununua mahindi na ngano, na wengine kufanya mazoezi ya mbio. Wageni wakiwa wengi, wapangaji nao huwa wengi. Binti yetu ni mmoja wao: yeye ni muuguzi, na mumewe ni mfanyabiashara wa nafaka. Wanaishi mtaa wa Kapsoya, katika nyumba ya mawe ya kuchonga iliyopigwa plasta ya saruji na kupakwa rangi ya maziwa.

Tulikuwa tumebeba zawadi, mkeka wa ukili wenye rangi uliosukwa na mamake kwa mikono yake, si wa kukalia bali wa kupamba sebule. Baada ya chai tulimwita mjukuu wetu wa miaka sita, tukamwambia, "Bwana mdogo, tuletee nyundo ya babako."

Mtoto hakuondoka. Akatutazama, akasema, "Babu, usipige msumari. Mama atalipishwa tena."

"Mtoto huyu hajui asemalo," akasema binti yetu, akainuka haraka kwenda jikoni. Lakini sisi tumesomesha watoto wadogo kwa miaka mingi, na twajua sura ya mtoto anayerudia alichokisikia kwa wakubwa. Tukamwita mamake arudi, tukamtaka atueleze. Akatubusu mkono kwanza, kana kwamba yeye ndiye mkosa, kisha akaeleza.

Mwaka 2023 tuliwazuru wakiwa katika nyumba nyingine, upande wa pili wa mji. Tuliwapelekea fremu kubwa ya Ayatul Kursiyyu. Siku ile binti yetu alikuwa kazini. Hatukumngoja wala hatukumuuliza mtu. Tulichukua msumari wa mbao na mchi wa jikoni, tukagonga. Plasta ya saruji ni ngumu, na msumari ule ulikuwa laini. Ukapinda, tukagonga tena, na kipande cha plasta chenye upana wa kiganja kikaanguka chini. Tukahamia hatua mbili kando, huko msumari ukashika. Fremu ilikuwa pana, ikafunika tundu na jeraha pamoja. Tukaridhika, tukaomba dua, tukarejea Mombasa.

Walipohama, fremu ikateremshwa na jeraha likaonekana. Mwenye nyumba alikata shilingi 4,500 katika dipoziti yao. Binti yetu hakutuambia. Alimwonya mumewe pia asitwambie, kwa kuchelea kumfedhehesha baba yake, ambaye kila mwaka husomesha mlango wa ijara katika fiqhi na kuwaeleza vijana maana ya amana.

Wasomaji wetu, tunalieleza hili kwa kuwa tunaamini hatuko peke yetu. Na tulikuwa tumeliponya kosa letu kwa kulifunika na Aya tukufu, jambo ambalo leo tunaona haya kuliandika. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuuziba, tuliuficha, na ukuta akaja kuujenga mwanamke mwenye mshahara wa kuhesabu.

Katika ijara, anachonunua mpangaji ni manfaa: kukaa, kulala, kupika, kufunga mlango wake. Ukuta wenyewe haukuuzwa. Umebaki mali ya mwenyewe, na mkono wa mpangaji juu yake ni mkono wa amana. Hadaiwi kwa uchakavu uletwao na kukaa kwa kawaida, kama rangi kufifia kwa jua. Hudaiwa akipindukia mpaka. Ndiyo maana tunaipenda bahati ya lugha yetu: fedha anayoweka mpangaji kwa mwenye nyumba jina lake la Kiswahili ni amana. Hapo pana amana mbili zinazotazamana, fedha ya mpangaji mkononi mwa mwenye nyumba na ukuta wa mwenye nyumba mkononi mwa mpangaji. Kila mmoja anataka yake irudi nzima.

Je, ina maana mpangaji aishi kati ya kuta tupu? Hasha. Baada ya mazungumzo yale tulitembezwa nyumba nzima, tukaona jinsi binti yetu alivyojifunza kwa hasara. Nyumba ile imepambwa kila upande, na hakuna tundu hata moja alilolitoboa yeye.

Sebuleni fimbo ya pazia ilikuwapo kabla hajaingia. Nyuma ya kochi, ambako fimbo hiyo inapita, ameshona upindo mpana katika kanga mbili na kuzipitisha humo, zikashuka wima kama pazia. Karibu na mlango ameegemeza ngazi ya mianzi, na katika vipawa vyake ametundika kwa kamba fremu ndogo za hati za Kiarabu. Sehemu zinazogusa ukuta na sakafu amezifunga vipande vya ndala kuukuu, ngazi isiteleze wala isichore rangi. Kwa kuwa kuna mtoto, ngazi imefungwa kwenye mguu wa kabati zito. Michoro ya mjukuu wetu imebanwa kwa vibanio vya nguo kwenye uzi uliofungwa kutoka kabati moja hadi jingine, na kila Ijumaa msanii mwenyewe hubadilisha maonyesho.

Ukutani mwa chumba cha kulala palikuwa na misumari miwili iliyoachwa na mpangaji wa kabla yake. Alimwomba mwenye nyumba ruhusa ya kuitumia, akapewa. Na ile fremu ya Ayatul Kursiyyu? Imesimama juu ya kabati refu, imeegemea ukuta, mahali pa heshima ambapo haiwezi kuanguka.

Tulimuuliza kuhusu ndoano za gundi zinazouzwa madukani, ambazo kina mama wengi huzisifu. Akacheka. Za kwanza zilianguka usiku wa mvua, na moja iling'oa rangi kama ngozi ya kitunguu. Kisha alijifunza kuujaribu ukuta kwanza. Pitisha kiganja kikavu juu yake. Ukitoka na unga mweupe, gundi itashika unga ule na si ukuta, basi usibandike kitu. Rangi ya mafuta iliyo laini hushika vizuri zaidi. Futa mahali hapo kwa kitambaa, acha pakauke kabisa, bandika ndoano moja nyuma ya mlango ambako jicho halifiki, uiache siku moja na usiku wake bila mzigo. Ikitulia, tundika kitu chepesi tu. Wakati wa kuondoa, zile zenye ulimi huvutwa taratibu kuelekea chini, sambamba na ukuta, wala hazivutwi kuja kifuani. Ikigoma, ipashe joto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele, gundi italainika. Wala wa pwani tusidhani unyevu ni tabu ya nyanda za juu pekee. Chumvi na jasho la kuta za Kisauni na Likoni huzifanyia gundi hivyo hivyo. Aya na majina matukufu yasitundikwe kwa gundi kamwe.

Jambo jingine alilotuonyesha halihusu gundi. Siku ya kuingia, kabla ya kushusha kitanda, alizunguka na msimamizi wa ploti wakapiga picha kila ukuta, kila ufa na kila tundu, na picha zile akamtumia mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Aliomba pia jina na nambari ya rangi iliyotumika, ili likitokea doa au tundu dogo alizibe, alipige msasa na kulipaka rangi ile ile, badala ya kuacha kiraka.

Usiku ule tulilala tukizifikiria nyumba za mawe za Lamu, na zidaka zake zilizochongwa kwa chokaa katika kuta za ndani, safu juu ya safu, za kuwekea sahani za Kichina na misahafu. Pambo lile lilizaliwa pamoja na ukuta, kwa amri ya mwenye nyumba na kwa mali yake. Lakini wazee wetu walikuwa na pambo la namna ya pili: mikeka, kanga, na misutu iliyofungwa chumbani mwa bibi harusi na kuteremshwa shughuli ikiisha. Hilo lilikunjwa, likabebwa kichwani au jahazini, likatandazwa kwingine. Na wanafunzi wa hadithi wanalijua pazia la Bibi Aisha (r.a.) lililokuwa na picha, Mtume (s.a.w.) alipolichukia, liliteremshwa likakatwa mito. Kitambaa kilipata kazi nyingine. Mpangaji arithi pambo la pili, alitunze, na Mungu akimjaalia nyumba yake mwenyewe ajenge zidaka atakavyo.

Asubuhi tulihesabu shilingi 4,500 tukamkabidhi binti yetu. Akazikataa. "Baba, wewe ni baba yangu. Mambo hayo yamekwisha."

Tukamwambia, "Mwanangu, zawadi unaweza kuikataa. Hili ni deni. Ukitusamehe ni hiari yako, lakini sisi tunataka kulilipa tukiwa hai."

Alinyamaza kitambo, kisha akazipokea, akatutaka sisi pia tumsamehe kwa kutuficha. Tulimsamehe, lakini tulimwambia kwamba heshima ya kumwacha mzazi katika kosa asilolijua ni heshima yenye gharama. Mwaka mzima tulikuwa tukisomesha mlango wa ijara, na huku deni la ijara liko shingoni mwetu.

Mkeka wa mamake ulitundikwa adhuhuri. Mkwe wetu alikata fito nyembamba ya mwanzi, binti yetu akaishonea kwenye ukingo wa juu, na uzi mmoja ukafungwa kwenye fimbo ya pazia ya dirisha la pili. Mkeka ni mwepesi, fimbo haikulalamika. Mjukuu wetu alisimama chini akisimamia kazi, nyundo ameikalia ili babu asiipate.