Mcheza Kwao Hutunzwa: Kutoka Kasese Hadi Bwera

Msafiri aingiaye Kasese alfajiri hulakiwa na mlima kabla ya kulakiwa na watu. Upande wa magharibi safu ya Rwenzori imesimama kama ukuta, na kilele chake cha Margherita, chenye urefu wa mita 5,109, aghalabu hujifunika wingu jua likishapanda. Juu huko kuna theluji. Chini mjini kuna joto la bonde la ufa na vumbi la barabarani. Huu ni mji uliozaliwa na shaba. Mwaka 1956 reli kutoka Kampala ilifika hapa, na shaba ya Kilembe, machimbo yaliyo bondeni umbali wa kilomita chache tu, ikaanza kusafirishwa kwenda kuyeyushwa Jinja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 uchimbaji ulisimama, na baadaye treni nazo zikanyamaza. Mji haukufa. Ulibaki na kahawa ya milimani, saruji ya Hima, biashara ya mpakani, na kandanda.

Kandanda ya Kasese haiishii uwanjani. Huendelea kwa vinyozi, kwenye vituo vya bodaboda na ndani ya vibanda vya televisheni, ambamo watu waketio kwenye mabenchi ya mbao huzozana juu ya Arsenal na Manchester United kana kwamba timu hizo ni za mtaa wa pili. Lakini ubishi ulio mkali kuliko wote si juu ya Waingereza. Ni ule uhusuo timu ya nyumbani, ambayo wachezaji wake hufahamika kwa mama zao na kwa madeni yao dukani.

Jumapili moja, basi dogo la kukodi liliondoka Kasese likiwa limejaa wachezaji na mashabiki wa timu moja ya mtaa, kwenda Bwera kwa mchezo wa kirafiki. Safari yenyewe ni ya kilomita hamsini na ushei, na barabara ni njema. Hata hivyo, basi halikuwa limevuka viunga vya mji kabla ubishi haujaanza. Hoja ilikuwa moja: je, yule winga mchanga wa kulia, mwanafunzi wa kidato cha nne aliyeingia timuni miezi michache iliyopita, aanze mchezo au akae benchi?

Wa kwanza kusema alikuwa fundi wa baiskeli, shabiki wa Arsenal tangu utoto wake.

"Mtoto yule ni dhahabu," alisema. "Mtazameni Saka. Aliingia timu ya wakubwa mwaka 2018 akiwa na miaka 17. Msimu wa 2019 hadi 2020 wakamchezesha hata beki wa kushoto, naye hakunung'unika. Kama wangengoja akomae, wangengoja mpaka leo."

"Saka ana daktari wake na mpishi wake," alijibu dereva wa bodaboda aliyeketi nyuma yake. "Huyu wetu hucheza na tumbo tupu. Beki mmoja wa Bwera akimkanyaga, nani atalipa hospitali?"

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, ambaye ndiye mwekaji wa kumbukumbu za timu, alifungua daftari lake. Katika mechi sita, alisema, kijana amefunga bao moja tu. Baadhi waliguna. Mwalimu akainua kidole na kuendelea: lakini mabao matano ya timu yametokana na krosi zake. Winga hahesabiwi kwa nyavu alizotikisa peke yake. Kazi yake ni kuutanua uwanja, kumvuta beki pembeni, na kumwachia mshambuliaji wa kati nafasi ya kupumua. Mwenye kuhesabu mabao tu humwona mvunaji akamsahau mpanda mbegu.

"Na mabao tuliyofungwa kupitia upande wake je?" aliuliza dereva wa bodaboda. "Hayo umeyaandika, mwalimu?"

Mwalimu alikiri kuwa hakuyaandika.

Mbele kabisa, karibu na dereva, aliketi sajini mstaafu wa jeshi, ambaye wote humwita afande. Huyu hakupenda mifano ya Ulaya. Aliwakumbusha kuwa timu za vyombo vya ulinzi ndizo zilizoifundisha Uganda nidhamu ya kandanda: Magereza walitwaa ubingwa wa nchi mwaka 1968 na 1969, Polisi mwaka 2005, na Simba, timu ya jeshi, ilifika fainali ya klabu bingwa za Afrika mwaka 1972, ikashindwa na Hafia ya Guinea. Akamtaja pia Philip Omondi, ambaye mwaka 1978 alifunga mabao matatu katika Kombe la Mataifa ya Afrika kule Ghana, Uganda ikafika fainali na kufungwa na wenyeji mabao mawili kwa bila. Baada ya hapo nchi ilingoja miaka 39 kabla ya kurudi katika mashindano hayo, mwaka 2017.

"Miaka 39," alisema afande. "Ndiyo bei ya kutotunza vijana. Kuruti hutiwa vitani hatua kwa hatua. Hawekwi mstari wa mbele siku ya kwanza, wala hafichwi jikoni mpaka azeeke."

Ilipofika Muhokya, basi lilisimama. Mahali hapa, palipojulikana zamani kwa tanuri za chokaa, ndipo zilipopewa hifadhi baadhi ya familia zilizofukuzwa na maji. Mto Nyamwamba, ushukao kutoka milimani kupitia Kilembe, ulifurika vibaya Mei 2013, ukafurika tena Mei 2020, ukang'oa nyumba na kuiharibu hospitali ya Kilembe. Mto mtulivu wa asubuhi uligeuka usiku mmoja kuwa mporomoko wa mawe makubwa. Watu waliokuwa na migomba na nyumba za matofali walijikuta wakiishi katika mahema.

Hapo ndipo alipopanda winga, na viatu vyake vya mpira vimefungwa kwa kamba shingoni, akifuatana na mama yake. Basi zima likanyamaza. Dereva wa bodaboda aliangalia dirishani kama mtu aliyeona tembo.

Jina la kijana halikuwa na haja ya kutajwa, kwani kwa Wakonzo jina humfuata mtoto kwa mpangilio wa kuzaliwa: mvulana wa kwanza aghalabu ni Baluku, wa pili Bwambale, wa tatu Masereka, wa nne Kule. Ndiyo sababu timu moja yaweza kuwa na akina Baluku watatu, na mashabiki hulazimika kuwatambua kwa kazi zao. Huyu kila mtu alimwita Winga, hata mama yake.

Baada ya kusalimiana, mama aliuliza mbona wamenyamaza, na hali kelele zao zilisikika tangu mbali. Mwalimu, kwa adabu, akamweleza walichokuwa wakijadili.

"Nyinyi mwabishana kama aanze ama asianze," alisema mama. "Mimi nina bishano jingine. Kuna mtu amekuja kutoka Kampala. Asema amchukue mwezi huu, akajaribiwe na timu kubwa. Na mtihani wa kidato cha nne ni Oktoba. Nilipoteza nyumba kwa maji. Sitaki kupoteza na mtoto kwa mpira."

Basi lilipita Kikorongo, mahali ikweta ikatizapo, likaiacha barabara ya Mbarara na kugeuka magharibi kupitia ukingo wa hifadhi ya Malkia Elizabeth. Paa walikuwa wakilisha kando ya njia. Kusini lilibaki Katwe na ziwa lake la chumvi, ambalo wenyeji wamelivuna kwa vizazi vingi wakisimama ndani ya maji makali. Hakuna aliyetazama nje. Suala la mama lilikuwa limegeuza uzito wa mambo.

Fundi wa baiskeli alisema fursa haigongi mlango mara mbili. Lamine Yamal alichezea Barcelona Aprili 2023 akiwa na miaka 15, na Julai 2024 akawa bingwa wa Ulaya na Hispania siku moja tu baada ya kutimiza miaka 17. Je, angengoja cheti?

Dereva wa bodaboda, ambaye hushabikia Manchester United, safari hii alisema polepole. Alimtaja Garnacho, winga aliyefunga bao katika fainali ya Kombe la FA Mei 2024, United ilipoifunga Manchester City. Watu wa Kasese walimbeba kijana yule mioyoni mwao kama mtoto wao. Agosti 2025 akauzwa kwa Chelsea. "Thamani ya mchezaji kwa timu ni kitu kimoja," alisema, "na thamani yake kwake mwenyewe ni kitu kingine. Timu yaweza kumwuza. Mama hamwuzi. Yule wa Ulaya akiuzwa, anakwenda na fedha zake. Wetu akirudishwa kutoka Kampala bila mtihani, atarudi na nini?"

Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo hakuna aliyempinga. Winga mwenyewe aliinamisha kichwa, akazifungua na kuzifunga tena kamba za viatu vyake.

Walivuka mto Nyamugasani, wakapita Kinyamaseke na Kisinga, penye hospitali ya Kagando, huku vilima vilivyopandwa kahawa, mihogo na migomba vikiwakaribia. Bwera ni mji wa njia kuu. Mbele yake ni Mpondwe, na mto Lhubiriha ndio mpaka. Ng'ambo ni Kasindi, nchini Kongo. Wakonzo wa huku na Wanande wa kule ni ndugu wa lugha moja, na Kiswahili husikika sokoni kutwa nzima. Kutoka Kongo huja vitenge na mafuta ya mawese. Kutoka Uganda huvuka bidhaa za dukani.

Lakini Bwera pia imeonja machungu ya mpakani. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 waasi wa ADF waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, karibu na Mpondwe, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Walikuwa vijana wa umri uleule wa winga huyu. Basi lilipokaribia mji afande alivua kofia yake, na wengine wakafanya vivyo hivyo bila kuambiwa.  Mama alimtazama mwanawe, kisha akatazama mbele.

Mchezo ulianza saa kumi. Mwalimu wa timu, aliyekuwa amesikiliza ubishi wote bila kutia neno, alimweka kijana benchi. Kipindi cha kwanza hakikuwa na bao. Mpira ulirundikana katikati kama ng'ombe mlangoni mwa zizi. Kipindi cha pili winga aliingia. Dakika chache baadaye alijaribu kumpiga chenga beki wa Bwera karibu na lango lake mwenyewe, akanyang'anywa, na Bwera wakapata bao. Dereva wa bodaboda aliketi chini akashika kichwa.

Kijana hakuomba kutolewa. Aliomba mpira. Mara mbili alizuiwa. Mara ya tatu akapita kando ya chaki, akawaacha mabeki wawili nyuma, akatia krosi ya chini iliyomkuta mshambuliaji peke yake. Moja kwa moja. Mchezo ukaisha hivyo, na wenyeji wa Bwera wakawa wa kwanza kumpa mkono, kwani mpira mzuri hutambuliwa hata na aliyefungwa.

Jioni, basi liliporejea, ubishi ulikuwa umezaliwa upya. Fundi alisema bao la kusawazisha limethibitisha maneno yake. Dereva wa bodaboda alisema bao la Bwera limethibitisha yake. Mwalimu wa shule aliandika yote mawili katika daftari, kila moja katika safu yake, na safari hii alichora safu mpya: mabao yaliyopotezwa.

Ndipo mwalimu wa timu aliponena. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, na kutunza si kushangilia tu. Winga ataanza kila Jumapili, lakini siku za masomo hataitwa mazoezini mpaka mtihani uishe. Mtu wa Kampala ataambiwa angoje hadi Desemba. Kama ni mnunuzi wa kweli, miguu ya kijana haitakuwa imeoza. Wachezaji watachanga kwa ajili ya ada iliyobaki, na mashabiki wanaojua kusema wajue pia kutoa.

Kofia ya afande ilizungushwa. Dereva wa bodaboda ndiye aliyetangulia kutia fedha, akisema hajabadili rai yake kuhusu ulinzi wa upande wa kulia.

Mama hakusema kwamba amekubali. Alisema, "Tutaona Desemba." Muhokya, gizani, walishuka wawili. Winga alijitwika kibuyu cha mawese ambacho mama yake alinunua mpakani, viatu vikining'inia shingoni, wakafuata njia ya mguu iendayo makwao. Basi lilingoja mpaka taa yao ya mkononi ilipofika mlangoni, kisha likaondoka kuelekea Kasese. Hawakufika hata nusu ya njia kabla mtu hajauliza kama Jumapili ijayo aanzie kulia au kushoto.