Samaki wa Kigoma na Baridi ya Huku

 

Wengi wenu mmeliona tangi la samaki sebuleni kwetu. Lina lita 240, na samaki wake ni wa nyumbani hasa: wale wadogo wa Ziwa Tanganyika wanaoishi ndani ya makome matupu ya konokono. Mwanangu aliwanunua kwa fedha zake za sikukuu. Nikamwambia, "Hawa ni majirani wa bibi yako kule Kigoma." Shida ni kwamba maji ya ziwa lile huwa na nyuzi joto 25 hivi mwaka mzima, na sebule yetu hapa Uingereza, usiku wa Januari, hushuka hadi 15. Bila hita hawaishi.

Nilinunua hita moja kubwa ya wati 300, nikaona nimemaliza. Asubuhi moja narudi kutoka zamu ya usiku, namkuta mtoto amesimama mbele ya tangi, machozi yanamlenga. Samaki wote wako juu, wanahema. Nikagusa kioo: kina joto kama paji la mgonjwa wa malaria. Kipimajoto kinasoma 34. Thamostati ya hita ilikuwa imekwama, haikuzima usiku kucha. Maji yakiwa moto hubeba oksijeni kidogo, ndiyo sababu walikuwa wanahema.

Mtoto akapandisha mkono wa shati ili amtoe aliyekufa. Nikapiga ukelele, "Usitie mkono!" Akaacha papo hapo, yeye ambaye kila siku nikimsemesha Kiswahili hunijibu Kiingereza. Samaki saba walikufa siku ile. Lakini hita ikishaharibika, hujui kama umeme unavuja majini au la. Samaki hununuliwa tena.

Sasa tunafanya hivi, nanyi mkifuga fanyeni hivi.

Tumia hita mbili ndogo badala ya moja kubwa. Kwa chumba cha kawaida, wati moja kwa kila lita inatosha, kwa hiyo sisi tuna mbili za wati 125, kila upande moja. Moja ikikwama, haina nguvu ya kuyachemsha maji upesi. Ikifa, mwenzake anawashikilia samaki mpaka uamke. Ziweke karibu na maji yanakotoka kwenye chujio, joto lisambae.

Ongeza thamostati ya nje inayokata umeme maji yakizidi 27. Na uwe na kipimajoto cha peke yake. Wodini hatuamini mashine moja tu. Tunamgusa mgonjwa pia.

Chomeka vyote kwenye soketi yenye kinga inayokata umeme ukivuja. Waya uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda, ili tone la maji lidondoke sakafuni, lisiingie kwenye plagi.

Kabla ya kutia mkono au kupunguza maji, chomoa. Subiri robo saa hita ipoe, kwa sababu hita ya kioo yenye moto ikibaki nje ya maji hupasuka.

Na ukikuta maji yamezidi joto, chomoa kwanza, kisha fungua kifuniko na uwashe pampu ya hewa. Yaache yapoe polepole. Usimwage maji baridi wala barafu. Mshtuko huo nao unaua.

Walionusurika wamezaa. Kila asubuhi mwanangu anasoma kipimajoto na kuandika kwenye karatasi ya friji: "ishirini na tano." Siku moja aliandika "ishirini na tatu", akaja kuniamsha: "Mama, hita moja imekufa." Kwa Kiswahili, bila kulazimishwa. Niliamka na usingizi wangu wote, nikafurahi.

Watoto, kazi ya Jumamosi ijayo: pimeni joto la sebule zenu asubuhi na jioni, mwandike kwa maneno, si kwa tarakimu.

Mwalimu wenu.