Chupa ya gazi na mama kutoka Sake

Goma, kata la Majengo. Mama mmoja aliyekimbia vita kutoka Sake alipokelewa na yaya yake pamoja na watoto. Kwao alipikia kuni na makala. Hapa alikuta chupa ya gazi ya kilo 6, akaiogopa kama bomu. Milio ya bomu alikuwa ameisikia vya kutosha.

Yaya akamkalisha, akamweleza. Ndani ya chupa gazi imeshindiliwa kwa nguvu mpaka imekuwa maji maji. Ukifungua, iliyo juu inatoka, na iliyo chini inachemka pole pole na kugeuka hewa. Ndiyo maana chupa inasimama wima, hailazwi. Gazi haina harufu; ile harufu mbaya inatiwa kusudi, mtu ajue inavuja.

«Na ni nzito kuliko hewa,» yaya akasema. «Inashuka chini sawa mazuku.»

Neno hilo alilielewa. Kwao kila mzazi anakataza watoto kuingia penye mashimo ya mazuku.

Siku ya Yenga asubuhi, harufu ikajaa jikoni. Mtoto akashika kiberiti atafute inapovuja. Mama akakinyakua, akafunga chupa, akafungua mlango na dirisha, hakugusa taa. Harufu ilipoisha, akafungua kidogo, akapaka povu la sabuni kwenye mpira: mapovu yakatokea palipopasuka. Akafunga tena.

Siku ile walipikia makala. Yaya aliporudi na mpira mpya, alimpa mdogo wake aufunge mwenyewe.