Sekunde Ishirini

Nilipokuwa na umri wa miaka arobaini na mitatu nilijifunza kazi ambayo kisomo changu chote hakikuniandalia, nayo ni kuwasha na kuzima taa za jukwaani. Shahada zangu ni za lugha, na kwa miaka mingi nimefundisha tamthilia kama maneno yaliyolala katika kurasa. Naweza kusema saa nzima ubaoni juu ya kimya cha mhusika. Kukipa kimya hicho mwanga wa kukaa ndani yake, hilo sikulijua.

Wanafunzi wangu walichagua kuigiza Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969. Kijana aliyezoea kushika taa alikuwa amehitimu na kwenda zake, na hapakuwa na mwingine aliyejitolea. Nikakabidhiwa kompyuta, kisanduku kidogo cha kuiunganisha na taa, na programu iitwayo QLC+, ambayo hupatikana bila malipo.

Asiyepata kuitazama kazi hii kwa karibu hudhani kwamba mwanga ni mwanga. La, mwanga wa jukwaa la siku hizi ni hesabu. Kwa kanuni iitwayo DMX512, iliyotungwa Marekani mwaka 1986, waya mmoja huchukua chaneli 512, na kila chaneli huchukua namba moja baina ya 0 na 255. 0 ni giza, na 255 ni mwanga uliokamilika. Taa zetu zilikuwa 12, kila moja ina chaneli 4: nyekundu, kijani, buluu na nyeupe. Taa ya kwanza ilipewa anwani 1, ya pili 5, ya tatu 9, na kuendelea hivyo hata ya mwisho, ambayo anwani yake ni 45. Waya hutoka taa hii kwenda taa ile kama uzi katika shanga. Kila taa hupitiwa na maneno yote, lakini hutii yale tu yaliyotumwa kwa anwani yake. Nilikosea anwani ya taa moja tu, na kijiji cha Kinjeketile kikawa asubuhi upande wa kulia na magharibi upande wa kushoto. Wanafunzi walicheka kwa adabu.

Kazi iliyonishinda zaidi ilikuwa kuliteremsha giza taratibu, kama jioni inavyoteremka. Kutoka 200 hadi 150 jicho haliambui tofauti kubwa, lakini kutoka 3 hadi 0 taa zetu zilikatika ghafula kama uzi. Nilitumia usiku mbili kwa namba hizo tatu, na sioni haya kusema kwamba nilizifurahia kuliko makala yoyote niliyoandika mwaka ule.

Kisha hali zote za mwanga hupangwa katika orodha, na kila hali hupewa muda wa kuingia, muda wa kukaa na muda wa kutoka. Muda wa kukaa waweza kuandikwa kwa sekunde, au ukaachwa bila kikomo hata mkono ubonyeze. Zamani kazi hii ilikuwa ya mikono mitupu. Huko Broadway, New York, mchezo wa kwanza kuongozwa taa zake na kompyuta yenye kumbukumbu ulikuwa A Chorus Line, mwaka 1975, na mbunifu wa taa zake alikuwa Tharon Musser. Tangu hapo mtambo umemkumbukia mtu yale anayoyasahau. Ni neema kubwa, nami niliitumia kupita kiasi.

Katika mwisho wa tamthilia, Kinjeketile anatakiwa kuyakana yale maji, naye anakataa. Katika mazoezi nilimpima mchezaji wetu mara tatu kwa saa: tangu kuulizwa hata neno lake la mwisho, sekunde 20, mara zote tatu. Nikaandika 20, na giza lifuate lenyewe.

Usiku wa kwanza ukumbi ulijaa. Kijana aliulizwa, akanyamaza. Akaendelea kunyamaza. Watazamaji walitulia hata feni za darini zikasikika, na macho yangu yalikuwa juu ya kioo cha kompyuta, yakizitazama sekunde zikipungua. Kabla hajafumbua kinywa, giza likaingia. Kubonyeza mbele kungaliwasha taa za kuagana. Kurudi nyuma kulitaka kuitafuta hali katika orodha, na vidole vyangu viliganda. Jibu lake alilitoa gizani.

Watu walishangilia. Msomi mmoja mwenye umri mkubwa alinishika mkono akasema kwamba kumzimia shujaa taa kabla ya jibu lake ni fikra nzito. Nikamshukuru. Nyuma ya pazia kijana alinijia, jasho halijamkauka.

“Mwalimu, nilikawia?”

“Hapana,” nikamwambia, “ulikwenda vizuri sana.” Nikakunja waya zangu, nikaenda nyumbani.

Sikulala vema. Asubuhi nilimtafuta nikamweleza yote: kwamba nilikuwa nimemhesabia kimya chake, na kwamba sifa niliyopewa niliipokea nikijua si yangu. Hakukasirika. Aliuliza jambo moja tu, kwa upole ambao ningependa kuwa nao darasani: “Kwani, Mwalimu, ulikuwa hunitazami?”

Usiku wa pili niliifuta ile 20 nikaacha muda bila kikomo. Nilikigeuza kioo cha kompyuta kando, kidole juu ya kitufe, macho jukwaani. Aliulizwa, akanyamaza. Mtu mmoja alikohoa katika safu za nyuma, akajizuia. Nikaona koo la kijana likimeza mate, jambo ambalo sikupata kuliona katika mazoezi yote. Ilikuwa sekunde ngapi sijui. Aliposema, nilingoja pumzi moja yake, kisha nikabonyeza.