Stockholm: Mji wa Noti ya Kwanza, na Upatu Wetu



Ndugu zetu wanaokuja Stockholm wakati wa likizo hupelekwa na wenyeji wao kutazama kasri la mfalme, meli ya Vasa na maduka ya Drottninggatan, kisha hurejea makwao wakisema kwamba mji ni mzuri lakini ni ghali. Yote mawili ni kweli. Mwezi huu tumependa kuwatembeza kwa njia nyingine, yaani njia ya fedha: mahali noti zilipoanzia, namna zinavyotoweka leo, na jinsi watu wa mji huu, wenyeji na wageni, walivyojitafutia maisha yasiyotegemea benki kwa kila jambo. Safari hii ni ya siku moja, na tiketi ya siku ya SL inatosha.

Tuanzie Gamla stan, mji mkongwe, katika kiwanja kiitwacho Järntorget. Maana yake ni kiwanja cha chuma, kwani zamani ndipo chuma kilipopimwa kabla ya kupakiwa majahazini. Jengo kubwa lililopo hapo, Södra Bankohuset, lilikuwa makao ya benki kuu ya Uswidi, Riksbank, hadi mwaka 1906. Uswidi ya karne ya 17 ilikuwa na shaba nyingi na fedha haba. Kwa hiyo tangu mwaka 1644 ikafanya sarafu za mabamba ya shaba, na bamba la daler 10 lilikaribia uzito wa kilo 20. Mwenye deni kubwa alihitaji mkokoteni wa kulipeleka. Mabamba hayo mtayaona katika Ekonomiska museet, makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2024 ndani ya jengo la Historiska museet huko Narvavägen. Tulipoyatazama hatukuacha kukumbuka kwamba upatu, katika lugha yetu, ni bamba la madini linalopigwa ngomani, na pia ni mchezo wa kuchangiana fedha. Hatudai kwamba Waswidi walitangulia kucheza.

Uzito huo ndio uliozaa noti. Mwaka 1661 benki ya Stockholms Banco, chini ya Johan Palmstruch, ilitoa karatasi za ahadi zilizokuwa noti za kwanza katika Ulaya. Aliyekuwa na karatasi angeweza kwenda benki akapewa shaba yake. Watu wakazipenda kwa wepesi wake, na benki nayo ikaona wepesi huo, ikakopesha karatasi nyingi kuliko shaba iliyokuwamo ghalani. Watu walipokuja kudai kwa pamoja, shaba haikutosha. Mwaka 1668 mabaraza ya nchi yakaanzisha Riksbank mahali pake, na hiyo ndiyo benki kuu kongwe kuliko zote duniani zilizobaki. Palmstruch alihukumiwa kifo, adhabu ikapunguzwa, akafungwa, akafariki mwaka 1671. Tafadhali kiwekeni kisa hiki akilini, maana tutakihitaji tutakapofika Rinkeby.

Kutoka Järntorget twavuka Slussen na kupanda Södermalm hadi msikiti wa Medborgarplatsen, uliofunguliwa mwaka 2000 ndani ya jengo lililojengwa mwaka 1903 kuwa kituo cha umeme. Mchoraji wake, Ferdinand Boberg, alivutiwa na majengo ya nchi za Kiislamu, kwa hiyo jengo lilikuwa kama linangojea wenyewe. Baada ya sala ya adhuhuri, kaeni kidogo barazani. Mtasikia mazungumzo ya dini na ya siasa, lakini mtasikia zaidi mazungumzo ya nyumba. Nyumba ya kupanga kwa mkataba halali hupatikana kwa foleni ya miaka mingi, na mtoto huandikishwa siku anayotimiza miaka 18 kama anavyoandikishwa shule. Nyumba ya kununua huhitaji mkopo wa benki, na mkopo una riba. Baina ya mawili hayo wapo baba na mama wenye watoto watano katika vyumba viwili, wanaohama kila mwaka kutoka chumba cha kupanga kwa mtu mwingine hadi kingine, na watoto wakibadili skuli kila mara.

Baraza la Ulaya la Fatwa na Utafiti lilitoa rai mwaka 1999 kwamba Mwislamu wa Ulaya asiye na njia nyingine aweza kununua nyumba ya kukaa kwa mkopo wa namna hiyo, kwa masharti ya haja. Wanazuoni wengine waliikataa. Sisi si wa kutoa fatwa katika kurasa hizi, na kila aila itamuuliza inayemwamini. Tunalotaka kulisema ni kwamba kuichukia riba si jambo letu peke yetu. Mwaka 1931, katika Denmark, wakati wakulima walipokuwa wakinyang'anywa mashamba kwa madeni, kilianza chama kiitwacho JAK, yaani ardhi, kazi na mtaji. Fikra zake zilivuka bahari, chama cha Uswidi kikaanzishwa mwaka 1965, na mwaka 1997 kikapata leseni ya benki, makao yake yakiwa Skövde. Kwa miaka mingi utaratibu wao ulikuwa hivi: mwanachama aliweka akiba bila ya kupata faida, akahesabiwa pointi kwa kiasi alichoweka na muda aliokiweka, na kwa pointi hizo akastahiki mkopo. Alipokopa alilipa ada ya uendeshaji, na aliendelea kuweka akiba huku akilipa deni, ili fedha zake ziwafae wenzake waliokuwa wakingoja. Waislamu kadhaa walijiunga, wakakaa pamoja na wakulima wa Kikristo na watu wasio na dini, wote wakiwa na neno moja. Anayetaka kwenda kwao leo ausome mkataba wa leo, si sifa za zamani, na asitaraji kwamba akiba ya miaka miwili itanunua nyumba katika Stockholm.

Mkiwa bado Södermalm, teremkeni hadi Tantolunden, ambako vibanda vya mbao vimepangwa ubavuni mwa kilima, kila kimoja na bustani yake. Bustani hizi ziligawiwa mwaka 1915, wakati wa vita na njaa, wafanyakazi wapate kupanda viazi. Bibi Anna Lindhagen, aliyekuwa diwani wa mji, ndiye aliyepigania jambo hili na kuanzisha chama chake mwaka 1906. Leo vibanda hivyo vinatamaniwa mno, na viazi vimewapisha waridi.

Hatutakaa sana kwa Fritidsbanken, lakini wenye watoto msiikose. Ni benki isiyokuwa na fedha hata senti moja. Ilianza mwaka 2013 katika mji mdogo wa Deje, na sasa ina matawi nchini kote, Stockholm pia. Humo huazimwa viatu vya barafu, mbao za theluji, baiskeli na mipira kwa siku 14, bila ya malipo wala amana. Skuli inapotangaza siku ya michezo ya theluji, mzazi hana haja ya kutoa krona elfu moja kwa viatu ambavyo mguu wa mtoto utavikataa mwaka ujao.

Sasa tupande treni ya buluu kutoka T-Centralen kuelekea Hjulsta, tuteremke Rinkeby. Hapa hakuna jengo la kutazamwa, na mgeni apitaye njia asingelijua kwamba kuna benki kila ghorofa. Wasomali huiita ayuuto au hagbad, Wahabeshi ekub, ndugu zetu wa Kenya chama, nasi upatu au mchezo. Hesabu yake aijua kila mmoja wetu. Kinamama kumi na wawili wakitoa krona 2,000 kila mwezi, kila mmoja hupokea mkono wa krona 24,000 mara moja kwa mwaka. Wa kwanza amekopeshwa na wote. Wa mwisho amewakopesha wote. Waliopo katikati ni wadai na wadaiwa kwa wakati mmoja, na hakuna aliyezidishiwa wala aliyepunguziwa. Kwa mikono hiyo watu wamelipa amana ya nyumba, wamezika wazee nyumbani, wamefungua migahawa na wamekwenda Makka.

Ghala ya benki hii ni neno la mtu, na kijumbe ndiye mwenye ufunguo. Zamani kazi yake ilikuwa kupita nyumba kwa nyumba na bahasha. Lakini Uswidi imekuwa nchi isiyotaka kuona noti. Swish, fedha ya simu, ilianza mwaka 2012. Baina ya miaka 2015 na 2017 Riksbank ilibadili noti zote, na zile za zamani zikakoma kupokewa madukani. Wako wazee waliogundua hayo baada ya kufungua kasha. Maduka mengi yameandika mlangoni kwamba hayapokei fedha taslimu. Kwa hiyo upatu nao ukahamia kwenye simu, na asiye na namba ya uraia na akaunti ya benki, yaani mgeni aliyefika juzi ambaye anahitaji mkono kuliko wote, akabaki nje ya mlango.

Lakini hata waliomo ndani wamepata mtihani. Kijumbe mmoja tunayemjua, bibi mwenye sifa ya miaka ishirini, alipokea barua ya maswali kutoka benki yake, ambayo hatuna haja ya kuitaja. Kila tarehe 25 watu kumi na mmoja walimtumia kiasi kilekile, na kesho yake fedha zote zilikwenda kwa mtu mmoja. Sheria ya kuzuia fedha haramu inazilazimu benki kuuliza mambo ya namna hiyo, na bibi hakuwa na karatasi hata moja ya kuonyesha. Akaunti ikafungwa. Mkono wa mwezi ule ulikuwa wa dada aliyekwisha ahidi amana ya nyumba, na siku zilikuwa zikihesabika. Wenzake walikutana jikoni kwa bibi usiku uleule, kila mmoja akatoa nusu ya mchango kwa mara ya pili, na waliobaki na uwezo wakaongeza, hata nyumba isipotee. "Miaka ishirini sikuulizwa na mtu," alisema bibi, "leo naulizwa na mashine." Wiki sita baadaye, baada ya kuandika orodha ya majina, kiasi, zamu na sahihi zote kumi na mbili, akaunti ilifunguliwa.

Wako waliosema kwamba kuandika ni kuvunja imani, na kwamba upatu wa sahihi si upatu tena. Sisi hatukubaliani nao. Qur'ani yenyewe imetuamrisha kuandika deni la muda maalumu, na Aya hiyo ndiyo ndefu kuliko zote. Vikundi viwili hapa Rinkeby na Tensta sasa vimejiandikisha kuwa jumuiya, vikapata namba ya jumuiya kwa Skatteverket, vikaomba akaunti kwa jina la kikundi. Kijumbe wao hubadilika kila mwaka. Na hawapokei mtu wa kumi na tatu kabla ya mzunguko kwisha, hata akiwa ndugu, kwa kuwa zamu ikiahidiwa mara mbili ndipo tunapomkuta Palmstruch.

Mambo haya si ya Ulaya tu. Mwaka 2013 katika kitongoji cha Bangladesh, Mombasa, upande wa Mikindani, wachuuzi zaidi ya mia walikubaliana kutumia hati zao wenyewe, Bangla-Pesa, siku ambazo shilingi zimeadimika. Muuza maji alimpa mama wa maandazi hati, mama akampa fundi, na fundi akanunulia maji. Mwezi huohuo polisi walimkamata mwanzilishi wake, Will Ruddick, pamoja na wakaazi watano, kwa tuhuma zinazohusu kughushi. Mashtaka yaliondolewa Agosti mwaka huo, hati zikarudi mitaani, na baadaye zikaenea Kwale na Nairobi kwa simu kwa jina la Sarafu. Karatasi zile zilidumu kwa sababu nyuma yake palikuwa na maji, maandazi na mkono wa fundi, na kila mwanachama alijua ni nani atakayempa.

Tumalizie Järvafältet, nyuma ya Rinkeby na Tensta. Uwanda huu ulikuwa wa mazoezi ya jeshi, na leo watu hulisha farasi, huchoma nyama, na hulima. Karibu na Eggeby gård mtaona vishamba vya kukodi, na lugha zaidi ya ishirini zikizungumzwa baina ya matuta. Fedha haionekani hapo. Mzee wa Kituruki huwapa majirani miche ya nyanya mwezi wa Mei, nao humchimbia shimo la mbolea. Dada wa Pemba hushona mapazia ya kibanda cha Mswidi, naye hulipwa kwa kulimiwa tuta wakati wa Ramadhani. Mchicha hustawi wakati wa kiangazi tu. Sukuma wiki, ambayo Waswidi huiita grönkål, husimama mpaka Novemba, na ladha yake huzidi utamu baada ya kupigwa na baridi kali ya kwanza.